Uzi: Wanamapinduzi walipokuwa vijana waliandika mashairi, na mimi nimelipata daftari langu la miaka 15

#1 Raia_wa_Floreal

Wakuu, habari zenu.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga makaratasi yangu ya zamani, nikaliokota daftari la jalada la bluu ambalo nilishaamini limepotea. Ndani kuna mashairi 31 niliyoyatunga nikiwa na miaka 15. Kati ya hayo, 19 yanahusu Mapinduzi ya Ufaransa, na kati ya hayo 19, 11 nimemwandikia mtu mmoja aliyekatwa kichwa tarehe 28 Julai 1794. Niliyasoma yote usiku uleule, nikiona haya peke yangu gizani.

Wanaosoma na mimi wanaujua ugonjwa wangu. Niko mwaka wa pili, historia, na pembeni mwa kila ukurasa wa madaftari yangu ya darasani kuna tarehe ya Kalenda ya Jamhuri, ile kalenda mpya ya Mapinduzi ya Ufaransa. Chumbani tuko wasichana wanne wenye vitanda vya ghorofa. Wanaolala juu tunawaita watu wa Mlima, kwa sababu wale wabunge wakali wa Konvensheni, bunge la Mapinduzi, walikaa viti vya juu wakaitwa hivyo. Wanaolala chini ni watu wa Uwanda, kama walivyoitwa wabunge wa viti vya chini. Zamu za kufagia tunazipigia kura kwa kuitana majina, mtu anasimama na kutamka kura yake kwa sauti, kama walivyofanya Januari 1793 walipoamua hatima ya mfalme. Wenzangu walianza kwa kunifurahisha tu. Sasa yule wa Uwanda ananisahihisha tarehe.

Swali lililonileta ni hili: daftari nilichome au nilitunze? Kabla ya kuuliza nilikwenda kuangalia wao wenyewe walifanya nini na mashairi yao ya ujana, maana walikuwa nayo. Walikuwa nayo mengi kuliko nilivyotegemea.

Naanza na wangu, yule wa mashairi 11: Saint-Just, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa. Amezaliwa 1767, amekulia Blérancourt, baba amefariki yeye akiwa na miaka 10. Julai 1786 msichana aliyempenda, Thérèse Gellé, akaozwa kwa mtu mwingine. Septemba mwaka huohuo kijana akatoroka kwenda Paris usiku akiwa amebeba vyombo vya fedha vya mama yake. Mama akaomba akamatwe, na akakaa kizuizini hadi Machi 1787. Baada ya hapo ndipo lilipotoka shairi liitwalo Organt: sehemu 20, mishororo karibu 8,000, mizani 10 kila mshororo. Limejaa mashujaa wa kubuni, mapepo, dhihaka kwa wakubwa na kwa kanisa, na matusi ya ngono ambayo siwezi kuyaweka hapa. Lilichapishwa Mei 1789 bila jina la mwandishi. Serikali ikalisaka, lakini wasomaji hawakulitafuta.

Nimelisoma kwa tafsiri na kwa kamusi, sehemu kwa sehemu. Ni refu mno, linapotea njia, na mtungaji anaonekana kabisa anataka watu wamwogope. Lakini utangulizi wake una sentensi tatu tu, na hizo nimezibandika ukutani tangu sekondari: "Nina miaka ishirini, nimefanya vibaya, nitaweza kufanya vizuri zaidi."

Miaka mitatu na nusu baadaye, Novemba 1792, mtu huyohuyo ndiye mbunge mdogo kuliko wote, ana miaka 25. Anapanda jukwaani kwa mara ya kwanza na kusema kwamba hakuna awezaye kutawala bila hatia. Maneno machache, makavu, kila moja limekaa mahali pake. Ukitoka kwenye Organt ukaingia kwenye hotuba ile utadhani ni watu wawili. Mimi nadhani ni mtu mmoja aliyejifunza kufuta.

Wengine kwa ufupi. Marx alipokuwa mwanafunzi Berlin alijaza madaftari matatu ya mashairi ya mapenzi kwa Jenny von Westphalen. Novemba 1837 akamwandikia baba yake barua ndefu na kumweleza kwamba amechoma mashairi yake yote. Yaliyobaki yakabaki. Binti yao Laura alisimulia baadaye kwamba wazazi wake kila walipoyataja walicheka sana. Engels naye alitaka kuwa mshairi, na shairi lake kuhusu Mabedui lilichapishwa 1838, ana miaka 17. Stalin, akiwa seminarini Tiflis, alichapisha mashairi katika gazeti la Iveria mwaka 1895 kwa lugha yake ya Kigeorgia.

Kuna mmoja ambaye sioni haya hata kidogo kwa niaba yake: José Martí, mpigania uhuru wa Kuba. Januari 1869, siku chache kabla hajatimiza miaka 16, alichapisha tamthilia ya mashairi iitwayo Abdala. Shujaa wake ni kijana wa Nubia anayemwacha mama yake analia, anakwenda kuipigania nchi, anarudishwa anakufa. Mtoto wa Havana ameichagua Nubia ili aweze kuisema Kuba. Mwaka uliofuata akahukumiwa miaka sita ya kazi ngumu kwa sababu ya barua, akavunja mawe na mnyororo mguuni. Kwa hiyo yale ya kwenye tamthilia hayakuwa maneno ya mtoto tu.

Haya, na mimi niweke langu, maana si haki kuyaanika ya wengine na kulificha la kwangu. Huu ni ubeti wa kwanza wa shairi la tarbia la beti 12, sijabadilisha kitu (Thermidori ni mwezi alioangushwa, kwa kalenda ile):

*Nakulilia kijana, uliyekwenda mapema,*
*Siku zako chache sana, hazikutosha kusema,*
*Wenzako walikukana, wakashindwa kusimama,*
*Ningekuwapo Thermidori, ningesimama na wewe.*

Nichome?

#2 Kibwagizo

Usichome. Nimekaa siti ya mbele, lete beti nyingine.

#3 Jiwe_la_Pembeni

Dada, mimi yangu niliyachoma nikiwa na miaka 19. Yalikuwa ya mapenzi, si ya mapinduzi. Niliona nimekuwa mtu mzima. Mpaka leo nakumbuka mshororo mmoja tu na siukumbuki vizuri, nimebaki nao kama jino lililong'oka nusu. Tunza.

#4 Msomaji_wa_Usiku

Uzi mzuri, mleta uzi. Naongeza jambo kuhusu Robespierre, kiongozi mwenzake Saint-Just, kwa sababu watu wanamjua na kanzu yake iliyonyooka na miwani, hawamjui yule wa Arras, mji wa kwao.

Kabla ya mapinduzi alikuwa wakili kijana, na mwaka 1787 alipokelewa katika chama cha washairi kilichoitwa Rosati. Wanachama walikutana bustanini, kwenye mawaridi, wakanywa mvinyo, wakasomeana mashairi. Alitunga kuhusu waridi, na kuna lingine la kumsifu mwanamwali aitwaye Ophélie akimwambia uzuri wake utapendeza zaidi akiwa hajivuni. Ni mepesi, ya kiungwana, kama yalivyokuwa ya mawakili wengi wa wakati ule. Katika chama hichohicho alikuwemo Lazare Carnot, afisa wa jeshi. Mwaka 1793 wawili hawa walikutana tena katika Kamati ya Usalama wa Umma, iliyoiongoza serikali ya Mapinduzi. Tarehe 9 Thermidor (27 Julai 1794), siku Robespierre alipoangushwa, walikuwa wameshakuwa maadui.

Huwa naufikiria sana ule mkutano wa bustanini.

#5 Raia_wa_Floreal

@Msomaji_wa_Usiku asante sana, la Carnot kuwemo mle sikulijua. Nimelihamishia kwenye daftari.

#6 Binti_Maktaba

Tukizungumzia mashairi na mapinduzi, tusimsahau Fabre d'Églantine. Huyu alikuwa mwigizaji na mtunzi, na wimbo wake wa binti mchunga kondoo na mvua bado watoto wa Ufaransa wanauimba. Hata jina lake ni shairi la ujana. Alishindania tuzo za ushairi za Toulouse, akapata yungiyungi la fedha kwa soneti aliyomtungia Bikira Maria. Yeye akajiongezea jina la ua la dhahabu, églantine, kana kwamba ndilo alilopewa.

Lakini sikieni alichokifanya na kalenda. Ninyi wenye masikio ya vina mtanielewa. Konvensheni ilimpa kazi ya kutafuta majina ya miezi mipya, naye akaipanga miezi kwa misimu, kila msimu kina chake. Vuli: Vendémiaire, Brumaire, Frimaire. Baridi: Nivôse, Pluviôse, Ventôse. Machipuo: Germinal, Floréal, Prairial. Kiangazi: Messidor, Thermidor, Fructidor. Beti nne za mishororo mitatu, na taifa zima likalazimika kuandika tarehe kwa vina kuanzia mwishoni mwa Oktoba 1793 hadi mwisho wa 1805. Sijui mshairi mwingine aliyechapishwa kwa wingi kiasi hicho.

Na kila siku ilikuwa na jina lake badala ya watakatifu: mimea kwa siku nyingi, mnyama kila ya tano, chombo cha kazi kila ya kumi. Saint-Just wako, dada, alikufa tarehe 10 Thermidor. Siku hiyo imepewa jina la kile chombo cha kumwagilia bustani.

Fabre mwenyewe alitangulia, 5 Aprili 1794, mkokoteni mmoja na Danton, kiongozi mwingine wa Mapinduzi, wakipelekwa kukatwa vichwa. Inasimuliwa kwamba njiani alikuwa anasikitikia tamthilia yake ya mashairi ambayo haijakamilika, Danton akamwambia baada ya wiki moja atakuwa na mingi ya hiyo. Kwa Kifaransa neno la mishororo na neno la funza hutamkwa sawasawa.

#7 Kibwagizo

Chombo cha kumwagilia. Hapo nimesimama kidogo nikavuta pumzi.

#8 Mwananchi_Mtulivu

Mimi nitakwenda kinyume kidogo, mnisamehe, na dada usinielewe vibaya.

Ubeti ni mzuri kwa miaka 15. Lakini huyu unayemlilia ndiye aliyesimama mbele ya Konvensheni tarehe 31 Machi 1794 akasoma ripoti dhidi ya Danton na Camille Desmoulins. Camille alikuwa mwandishi aliyeanza kuomba huruma, akitaka kamati ya rehema. Aliuawa siku tano baada ya ripoti ile. Mke wake Lucile akafuata siku nane baadaye, ana miaka 24, ameacha mtoto mchanga ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Robespierre alikuwa shahidi kwenye ndoa yao. Waliohukumiwa kifo na mahakama wakati wa Ugaidi, kipindi kile cha mauaji ya 1793 na 1794, ni karibu 17,000, mbali na waliofia magerezani na waliouawa bila hukumu.

Na kama ni ushairi tunaoulilia, mwenye haki ya machozi ni André Chénier. Huyo ndiye aliyekuwa mshairi kwelikweli. Alifungwa katika gereza la Saint-Lazare, akaandika kwenye vipande vyembamba vya karatasi vilivyotolewa kwa siri pamoja na nguo za kufuliwa. Alikatwa kichwa tarehe 25 Julai 1794. Siku mbili tu kabla Robespierre na Saint-Just hawajaanguka. Mashairi yake yakakusanywa na kuchapishwa 1819.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima: daftari lina shairi lolote la Lucile?

#9 Jiwe_la_Pembeni

Mkuu, alikuwa na miaka 15.

#10 Mwananchi_Mtulivu

Najua, ndugu. Simlaumu wa miaka 15. Namuuliza wa sasa.

#11 Raia_wa_Floreal

Nimekaa na swali hili tangu jana, sikutaka kujibu haraka.

Hapana. Daftari halina shairi la Lucile. Nimelipekua ukurasa kwa ukurasa. Jina la Camille lipo mara mbili, na mara zote mbili nimemwita msaliti. Nikiwa na miaka 15 nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha picha na kurasa chache za historia, na nilichokiona ni kijana mzuri wa uso aliyekufa na miaka 26 bila kuomba msamaha. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto mkimya. Darasani mkono wangu haukupanda juu hata mara moja. Nilimpenda mtu aliyepanda jukwaani akazungumza.

Kuna jambo moja kuhusu Camille na Organt ambalo nimelijua chuoni. Mwaka 1793 Camille alichapisha barua akamdhihaki Saint-Just hadharani: kwamba anabeba kichwa chake kama sakramenti takatifu, na hapohapo akalikumbushia lile shairi lake la ujana. Sisemi kwamba Camille alikufa kwa ajili ya dhihaka. Sababu zilikuwa nyingi na kubwa kuliko hiyo. Lakini ninaposoma ripoti ya 31 Machi namsikia mle kijana wa utangulizi aliyesema amefanya vibaya. Sijui kama mtu anaweza kuamua nini kifanywe na watu wengine huku jeraha la namna hiyo bado bichi.

Ndiyo maana sasa siwezi kuyasoma mashairi ya ujana ya hawa watu kama kichekesho cha pembeni. Hotuba waliziandika wakijua zitahifadhiwa. Yale mashairi waliyaandika kabla hawajawa na madaraka ya kumdhuru yeyote, na ndani yake mnaonekana walichokitamani: kuogopwa, kupendwa, kukaa na marafiki chini ya mawaridi, kuifia nchi mikononi mwa mama. Halafu nafungua miaka iliyofuata nitazame matamanio hayo yamekwenda wapi. Insha yangu ya muhula huu nimeomba niiandikie hilo, na nimekubaliwa.

Na la Chénier umenipiga nalo, mkuu. Nitamsoma.

#12 Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na uzi huu nimesomewa na mjukuu mpaka nikaomba niandike mwenyewe.

Binti, la kuchoma liondoe kabisa. Nataka kukusaidia ubeti, kwa sababu hapa mmejadili siasa na hakuna aliyehesabu mizani.

Mshororo wa kwanza: nane kwa nane, vina *na* na *ma*. Umetulia. Wa pili vilevile, na utao wake, "hazikutosha kusema", ni mzuri kuliko ulivyojua. Wa tatu umetimia. Mshororo wa mwisho, yaani kibwagizo, ndio uliovunjika. "Ningekuwapo" ni tano. "Thermidori" ukiihesabu nne, ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, umekuwa tisa. Ukiihesabu tano kwa kuipa ile *r* mizani yake, umekuwa kumi. Kwa vyovyote jina la mgeni limekataa kukaa kwenye kiti chetu. Washairi wa zamani hapo hawakulazimisha neno, walitafuta maana yake wakaikalisha hiyo.

Thermidor maana yake nini?

#13 Raia_wa_Floreal

Shikamoo mwalimu. Fabre aliliunda kwa Kigiriki: joto, na zawadi. Zawadi ya joto.

#14 Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Basi una *hari*. Kazi ni yako.

#15 Msomaji_wa_Usiku

Mwalimu amesahihisha mizani, mimi naomba kusahihisha historia, mshororo wa tatu.

"Wenzako walikukana" si kweli kwa wote. Tarehe 9 Thermidor Saint-Just alianza kusoma hotuba yake, mbunge Tallien akamkatiza baada ya maneno machache, ukumbi ukalipuka. Yeye akabaki pale jukwaani saa nyingi, amesimama kimya, hotuba mkononi. Ndiyo maana mwalimu anasema "hazikutosha kusema" ni mzuri kuliko ulivyojua. Lakini ilipotolewa amri ya kuwakamata, mbunge Philippe Le Bas aliomba akamatwe pamoja nao. Hakuwa ametajwa. Wenzake walijaribu kumzuia, akakataa kuzuiwa. Huyu ndiye aliyefuatana na Saint-Just kwenye jeshi la Rhine. Usiku ule, Hôtel de Ville, jengo la manispaa ya Paris, alijipiga risasi. Alikuwa na mke na mtoto wa wiki chache tu.

Kwa hiyo yupo mmoja aliyesimama.

#16 Binti_Maktaba

Na kimya kile, kwa mtu aliyewahi kutunga mishororo 8,000.

#17 Mwananchi_Mtulivu

@Raia_wa_Floreal jibu lako nimelisoma mara mbili. Asante kwa kulijibu kwa uzito. Chénier anza na yale ya gerezani, usianze na yale ya wachunga mifugo.

#18 Raia_wa_Floreal

Wakuu, nimerudi. Daftari halichomwi. Ubeti wa zamani nimeuacha ulivyo, na Thermidori yake. Mwishoni kulikuwa na ukurasa mmoja mtupu, jana usiku nimeandika humo. Ukwapi wa mwalimu upo, Le Bas yupo (nimemhesabu mizani mbili, kama anavyotamkwa), na utao wa mwisho nimeubadilisha kwa sababu ya Lucile.

*Nakulilia kijana, uliyekwenda mapema,*
*Siku zako chache sana, hazikutosha kusema,*
*Rafiki hakukukana, Le Bas aliyesimama,*
*Katika mwezi wa hari, ningekuuliza kwanza.*

#19 Mwalimu_Mstaafu

Nimehesabu kwa vidole, na mjukuu amehesabu. Imetimia. Lete ubeti wa pili, tusikie umemuuliza nini.